Mkataji Hodari Hujulikana kwa Alichoacha

Ukiingia Goma, jibini ya Masisi utaiona kabla hujaiulizia. Imepangwa madukani na juu ya meza za kando ya barabara, miviringo ya manjano iliyoshuka kutoka milimani kwa lori, kwa pikipiki na kwa vichwa vya watu. Mnunuzi huisifu jibini. Akizidi, atamsifu ng'ombe, au baridi ya milima ile, au mikono ya mtengenezaji. Mkata majani hatajwi. Kumbe kilo moja ya jibini hiyo imekula karibu lita 10 za maziwa, na umanjano wake umetokana na karotini ya majani mabichi, ambayo hupungua majani yakizeeka au yakianikwa juani. Utamu wa jibini ulianza kuamuliwa siku mtu aliposimama mbele ya majani akajiuliza: nikate leo au wiki ijayo? Nikate hapa chini au nipandishe panga kidogo?

Maswali hayo mawili, lini na wapi, ndiyo kazi nzima ya kukata malisho. Yanaonekana mepesi. Panga kila nyumba inalo, na majani ya nchi za joto huota hata pale yasipotakiwa. Lakini ukiwaangalia kwa makini watu wanaoishi kwa kazi hii utaona kwamba kupima ustadi wao kwa ukubwa wa mzigo ni kukosea kipimo. Mzigo mkubwa hata mgeni anaweza kuufunga. Ustadi wao husomwa shambani, kwenye visiki, baada ya wao kwenda zao.

Masisi na Walikale ni wilaya jirani za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na mtu anaweza kudhani ni dunia mbili. Masisi ina kilomita za mraba 4,734, karibu zote milima; vilele vingi vinapita mita 2,000, na upande wa mashariki udongo umerutubishwa na majivu ya volkano za Virunga. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa yake ni msitu wa mvua unaoteremka kuelekea bonde la mto Kongo. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Walikale ng'ombe ni wachache; huko mfugaji ana mbuzi, nguruwe, kuku na simbilisi.

Katika milima ya Masisi jani linalotawala ni lile lililochukua jina la Wakikuyu wa Kenya. Hutambaa chini, hushona ardhi kwa vikonyo vyake juu na chini ya udongo, na hustahimili meno ya ng'ombe kuliko majani mengi. Kandokando ya mashamba, juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, husimama mabingobingo, setaria na majani ya Guatemala. Enzi ya Wabelgiji wakulima wa Kivu walilazimishwa kuchimba mistari ya kukinga mmomonyoko na kuipanda majani. Shuruti ilipokwisha, majani yenyewe yalibaki, kwa sababu kwenye mteremko mkali kama wa Masisi hakuna asiyejua mvua moja inaweza kufanya nini. Utafiti wa mazao na malisho ya nyanda hizi una historia yake pia: taasisi ya INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na makao yake Yangambi, ilikuwa na vituo Mulungu huko Kivu na Nioka huko Ituri, na leo INERA ndiyo mrithi wake.

Lakini ukitaka kujua kwa nini watu wengi Masisi wanakata majani na kuyabeba badala ya kuwaachia ng'ombe wajilishe wenyewe, usianzie kwenye sayansi. Anzia kwenye ardhi. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa kikoloni uliwahamishia Gishari, huku Masisi, maelfu ya familia kutoka Rwanda. Baadaye sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na wenye vyeo na fedha wakapata mwanya wa kujimilikisha mashamba makubwa ya ng'ombe juu ya milima. Mwenye shamba la namna hiyo hahitaji panga. Ng'ombe wake hukata kwa meno. Asiye na malisho, mwenye ng'ombe mmoja au mbuzi watatu nyuma ya nyumba, ndiye anayelazimika kwenda kandokando ya barabara, kwenye matuta, kwenye kingo za mito, kutafuta jani moja moja. Ufundi wa kukata umekuzwa zaidi na wenye ardhi finyu.

Mtazame mkataji mzoefu asubuhi, umande ukianza kukauka. Hafiki akaanza kufyeka. Kwanza hunoa, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, akijaribu makali kwa kucha ya kidole gumba. Panga butu ni adui wa malisho. Huliponda shina badala ya kulikata, likaacha kisiki kilichochanika nyuzi, maji yakaingia, kikaoza. Au hulitikisa tungo zima la mashina mpaka mizizi michanga ikang'oka.

Akishanoa, huzunguka. Anatazama majani ya chini kabisa. Yakiwa bado kijani, mmea ungali unakusanya. Yakianza kugeuka manjano na kukauka, mmea unapoteza chini kile unachokipata juu, na kila siku ya kungoja ni hasara. Anabonyeza shina kati ya vidole viwili: likibonyea, kuna chakula ndani; likikataa, amechelewa. Kimo hakipimi kwa rula. Mabingobingo yakimfika kiunoni, yaani kati ya nusu mita na mita moja, anajua wakati umefika. Mtoto aliyemfuata akimwuliza, "Papa, haya je?", huenda asijibu kwa maneno. Atamshika mkono, aubonyeze shinani, amwache asikie mwenyewe.

Ndipo huinama. Mkono wa kushoto hukusanya mashina na kuyalaza kidogo upande, wa kulia hupitisha panga kwa mshazari, pigo moja, na jeraha linabaki limeinama ili maji ya mvua yateleze. Kisiki kinachobaki ni cha ngumi moja, labda na vidole viwili juu yake: sentimeta 10 hadi 15. Udongo ukiwa na rutuba na mvua ikiwa ya uhakika anaweza kushuka zaidi kidogo; kiangazi kikikaribia hupandisha panga. Kisha tungo la pili, kimo kilekile. La tatu, kimo kilekile. Haachi shina hata moja limesimama kwa kuwa tu lilikuwa gumu kukatika, kwa sababu hilo moja litawazibia jua machipukizi na kugeuka mti.

Pia hakati shamba zima. Amelikata vipande kichwani mwake, tuseme vinane, kila kipande kwa wiki yake. Akimaliza cha nane, cha kwanza kina wiki nane na kinamngojea. Mtu akipita barabarani huliona shamba hilo kama ngazi: kipande cha vidole, cha goti, cha paja, cha kiuno. Hiyo ngazi ndiyo kalenda yake, na ukiiona umeshajua kwamba mwenyewe anaijua kazi.

Sasa kwa nini ngumi moja? Kwa nini asikate mpaka udongoni, apate mzigo mzito zaidi?

Jibu limo ndani ya kisiki. Jani linalopigwa na jua hutengeneza sukari kuliko mmea unavyoweza kutumia papo hapo, na ziada huwekwa chini ya shina na kwenye mizizi. Siku majani yote yanapokatwa, mmea hauna tena jiko. Majani yake ya kwanza, yale mabichi mepesi yanayochomoza ndani ya siku chache, huyatoa kwenye akiba hiyo. Kwa muda huo mmea unatumia tu, haujaanza kuingiza. Mpaka majani mapya yawe mengi ya kutosha kujilisha na kurudisha kilichochukuliwa, wiki kadhaa hupita. Ukikata tena kabla ya hapo, umechukua kutoka kwenye akiba ambayo haijajazwa. Mizizi hufa kwa ncha, hupungua urefu, hushindwa kufuata maji kiangazi. Wakulima wa milima hii hutundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na njaa ikiwa kali namna gani, yale hayaguswi. Kisiki ni mbegu ya namna hiyo, isipokuwa kimeachwa wazi shambani ambako panga la kila mtu linaweza kukifikia.

Kuna jambo la pili, nalo ni mahali pa macho. Kila fundo la shina lina jicho, na machipukizi hutoka kwenye macho ya chini. Mmea ukiwa mchanga, ncha yake ya kukua bado iko karibu na ardhi, panga hupita juu yake, na jani hurefuka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mmea ukishaanza kutupa pingili na kupanda, ncha ile hupanda nayo. Ukikata hapo umeiondoa, na shina hilo limekwisha. Uhai wa tungo unategemea macho yaliyoachwa kwenye kisiki. Kata chini mno, umeondoa na macho. Acha juu mno, machipukizi hutoka hewani kwenye mafundo ya juu, membamba, yasiyo na mizizi yao, na upepo wa Masisi huyavunja.

Ndiyo maana mkataji hana kimo kimoja kwa majani yote. Jani la Kikuyu, ambalo macho yake yamejificha kwenye vikonyo vinavyotambaa, huweza kukatwa chini kabisa au kuliwa chini na likarudi. Mabingobingo, yanayosimama kama muwa na kubeba macho yake hadharani, hayawezi kutendewa hivyo. Setaria iko katikati. Na mchungaji wa mashamba makubwa, ingawa hana panga, anafuata sheria hiyohiyo anapohamisha kundi kutoka uzio hadi uzio: meno yakikaa mahali pamoja muda mrefu, yatarudia jani lililochipuka jana, na hiyo ni kukata mara mbili kabla akiba haijarudi.

Tumefika kwenye lini, na hapa ndipo kazi inapodai akili zaidi, maana mkataji anashika vitu viwili vinavyokimbiana. Kimoja ni wingi, kingine ni ubora.

Majani ya nchi za joto hukua kwa kasi, na kadiri unavyongoja ndivyo unavyopata uzito. Lakini uzito unaoongezeka baadaye ni wa shina, na shina hujengwa kwa nyuzinyuzi na lignini, kitu kilekile kinachoufanya mti uwe mti. Mabingobingo ya wiki sita kwenye udongo mzuri mara nyingi huwa na protini zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Yakipita miezi mitatu, protini hushuka hadi asilimia 7 au chini ya hapo. Na hiyo 7 ina maana kubwa. Ng'ombe hamegi lishe kutoka kwenye jani peke yake. Tumboni mwake, kwenye chumba kile kikubwa cha kwanza, kuna bakteria wasiohesabika wanaovunja nyuzi kwa niaba yake. Bakteria hao nao wanataka protini. Ikishuka chini ya kiwango hicho, hufanya kazi polepole, chakula hukaa tumboni siku nyingi, na ng'ombe hashiki njaa kwa sababu tumbo limejaa. Anasimama zizini akicheua, mbavu zinaonekana, maziwa hayashuki. Mwenye ng'ombe anaapa kwamba anamlisha vya kutosha, na ni kweli. Anamlisha vijiti.

Tuweke hesabu ya mfano tu, ili jambo lionekane. Mtu mmoja anangoja wiki 12 na kupata tani 5 za majani makavu kutoka hekta moja, protini ikiwa asilimia 6: hizo ni kilo 300 za protini. Jirani yake anakata mara mbili katika wiki hizohizo 12, kila mara tani 2, protini asilimia 11. Amebeba tani 4 tu, pungufu ya mwenzake kwa tani nzima, lakini protini yake ni kilo 440. Anayepima kwa macho atamsifu wa kwanza. Ng'ombe atamsifu wa pili.

Basi kwa nini jirani asikate kila wiki tatu, apate protini ya juu zaidi? Kwanza kwa sababu ya kisiki, kama tulivyoona. Pili kwa sababu ya maji. Jani changa mno ni maji tupu. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kama majani yana sehemu kavu asilimia 20, hizo ni kilo 60 mbichi. Yakiwa na asilimia 15, ni kilo 80. Tofauti ya kilo 20 ni maji anayoyabeba mtu kupandisha mlima. Tena majani machanga kupita kiasi huharisha mifugo, na setaria changa ina oksaleti nyingi, kwa hiyo mwenye busara huichanganya na majani mengine au huacha yanyauke kidogo kivulini kabla ya kuyatia horini.

Kwenye mabega ndiko hesabu ya maji inakohisiwa. Masisi mwanamke hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele kuupinga mteremko. Vijana wenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaojulikana Goma kote, hupakia mafungu mpaka dereva haonekani. Kwa watu hawa lini si swali la vitabuni. Wiki moja mapema ni kilo za bure shingoni. Wiki tatu baadaye ni safari iliyofanywa kwa ajili ya vijiti.

Sasa shuka na barabara ya Walikale, kutoka Masisi-kati kupita Nyabiondo. Joto huongezeka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Ukifika bondeni umeingia kwenye saa nyingine kabisa. Mabingobingo na majani ya Guinea hujiotea yenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa na kandokando ya njia, mvua hainyimi mwezi karibu wowote, na shina linalohitaji wiki nane kufika kiunoni huko Masisi hapa limekufika kabla hujajiandaa. Lakini joto linaloharakisha kukua huharakisha na kukomaa: lignini hujengwa upesi, na jani la bondeni huwa gumu likiwa na umri mdogo kuliko la mlimani. Mkataji aliyehama kutoka Masisi akija na hesabu yake ya wiki nane, atakata miti. Anayeshinda ni yule aliyehama na kidole chake, maana kubonyeza shina hakubadiliki na mwinuko.

Huku Walikale wanaokatiwa majani ni wadogo zaidi. Simbilisi wanafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu wanamfundisha mkataji unyenyekevu. Ni mnyama wa jikoni, hula kidogo, huzaa haraka, na familia ikilazimika kukimbia, hubebwa kikapuni, ilhali ng'ombe hafichiki. Simbilisi hana uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini mwake, kama binadamu. Lazima aipate kwenye chakula, na huipata kwenye jani bichi. Majani yaliyokaa siku tatu kwenye kona ya nyumba hayamfai, hata yakiwa mengi. Kwa hiyo mtoto anayefuga simbilisi hukata kila siku, kiganja kimoja au viwili, majani laini tu, ncha na si shina. Bila mtu kumwambia neno kuhusu lignini, anajifunza kuchagua, maana simbilisi huacha alichokikataa kimelala palepale, na asubuhi mtoto anakihesabu.

Kila fungu linalotoka shambani hutoka na sehemu ya shamba. Hili ndilo wakataji wachanga huchelewa kulielewa. Ng'ombe anayejilisha mwenyewe hurudisha kinyesi na mkojo palepale. Anayelishwa zizini huviacha zizini. Majani makavu tani moja yenye protini asilimia 10 yamebeba kilo 16 za naitrojeni. Shamba likitoa tani 20 kwa mwaka kwa hekta, kilo 320 zimeondoka, sawa na mifuko 14 ya yurea ya kilo 50, bila kutaja potasiamu, ambayo mabingobingo huinyonya kwa pupa. Mwenye mbuzi watatu Masisi hatanunua mifuko hiyo. Dawa yake iko zizini, nayo haina bei: samadi irudi kwenye kipande kilichokatwa wiki hiyohiyo, ifukiwe kati ya mistari kabla jua halijaifukuza naitrojeni hewani. Mkataji anayekwenda shambani na kikapu cha samadi na kurudi na fungu la majani amefunga duara. Anayekwenda mikono mitupu anahamisha shamba lake kidogo kidogo hadi zizini, na baada ya miaka michache atasema udongo umechoka.

Mkataji pia ndiye daktari wa kwanza wa majani. Huko Kenya magharibi na Uganda mabingobingo yameshambuliwa na ugonjwa wa kudumaa, unaosababishwa na fitoplasma na kusambazwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na pia na wakulima wenyewe wanapopeana vipande vya kupanda. Mara nyingi mmea mgonjwa hauonyeshi kitu mpaka ukatwe. Machipukizi yanayorudi ndiyo hutoka mafupi, membamba, ya manjano. Kwa hiyo anayejua kisiki chake kilirudije safari iliyopita hung'oa tungo lenye dalili mapema, na hachukui mbegu kwa jirani bila kwanza kuyaona machipukizi yake baada ya kukatwa. Kanuni hiyo ya mwisho ingefaa kuandikwa ukutani mwa kila mradi unaogawa vipande vya kupanda.

Kanda hii, kwa bahati, haijapokea majani tu, imetoa pia. Mwaka 1953 wanabotania Germain na Evrard walitangaza kisayansi brakiaria, jani la bonde la Ruzizi, lile linalotenganisha Kongo na Burundi na Rwanda, wakalipa jina la bonde hilo. Jani hilo lilivuka bahari. Huko Colombia wataalamu wa kituo cha CIAT walilichanganya na ndugu zake wawili wa Kiafrika, wakapata chotara Mulato II, na leo uzao wa brakiaria umerudi Afrika Mashariki kama mbegu mpya. Jani hili jipya lina majani mengi kuliko shina, hukaa chini, na humpa mkataji nafasi pana zaidi kabla halijakomaa. Hata hivyo halimsamehe anayelikata mpaka udongoni. Hakuna jani lililozalishwa bado linaloweza kusamehe hilo.

Nimesema mkataji hodari hufanya kazi kwa wiki nane mbele. Hapo ndipo kazi hii inapogonga ukuta katika wilaya hizi. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, watu wakakimbia na ng'ombe wakaibwa au kuchinjwa kwa wingi. Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kati ya tarehe hizo kuna miaka 32, na vijiji vingi vimehama na kurudi mara nyingi kuliko wenyeji wanavyopenda kukumbuka. Anayeacha kisiki cha ngumi moja anaamini atakuwepo kipindi kijacho, na kwamba atakayevuna ni yeye. Asiye na hakika hiyo hukata mpaka chini, na huwezi kumwita mjinga. Amehesabu vizuri kwa kipimo cha leo yake. Mkataji aliyekodishwa kipande kwa msimu mmoja, anayeweza kufukuzwa mwenye shamba akirudi kutoka Goma, hukata vivyo hivyo. Ukiona visiki vya chini kwenye mlima mzima, usikimbilie kuitisha semina ya kilimo. Uliza kwanza ardhi ni ya nani na usiku huu watu watalala wapi.

Kwa hiyo wito wangu kwa mashirika, kwa vyama vya wafugaji na kwa wakubwa wa ardhi ni mwepesi kuuandika na mgumu kuutimiza. Mkigawa ng'ombe au mbegu za majani, gaweni na mwaka wa kufundisha kukata, na mfundishaji awe mkataji wa palepale, mwanamke wa kamba pajini au kijana wa chukudu, alipwe kama fundi mwingine yeyote. Na aliyepewa kipande cha kukatia majani apewe maandishi ya miaka, si ya msimu. Mabingobingo yaliyokatwa kwa kimo, kwa wakati na kurudishiwa samadi hukaa miaka mingi bila kupandwa upya. Yaliyokatwa ovyo huanza kufa yangali machanga, na mwenye kuyakata huwa wa mwisho kujua.